Shahada ya uandishi wa habari Nyanda za Juu Kusini: namna ya kuisoma ukatoka na kazi mkononi

Mhitimu akienda kuomba kazi redio ya Iringa, Njombe au Mbeya, swali la mapema ni moja: umefanya stori gani, tusikilize. GPA, yaani wastani wa alama zako, ya 3.8 ina kazi yake. Ni daraja la pili la juu, na itakufaa ukitaka shahada ya uzamili au ajira ya serikali. Kwenye chumba cha habari, mwenye 3.8 na mikono mitupu atapitwa na mwenye 3.0 aliyebeba stori 30 zilizokwisha kutoka. Kwa hiyo tangu wiki ya kwanza hesabu stori. Lengo linalofikika ni 5 mwaka wa kwanza, 15 mwaka wa pili na 20 mwaka wa tatu. Stori ni ile iliyopita mikononi mwa mhariri na kutangazwa au kuchapishwa. Asaimenti haimo kwenye hesabu hiyo, hata kama mhadhiri kaipa A.

Kuingia chuo

Vigezo vya TCU, tume ya vyuo vikuu, kwa aliyemaliza kidato cha sita ni principal mbili (ufaulu mkuu wa masomo mawili) zenye jumla ya pointi 4.0, kwa hesabu ya A 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. D mbili zinatosha, C na E zinatosha, E mbili hazitoshi. Anayetokea stashahada anatakiwa GPA ya 3.0 pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Chuo kinaweza kuongeza sharti lake, hasa la Kiingereza, hivyo soma mwongozo wa udahili wa mwaka unaoomba. Ule wa mwaka jana unaozungushwa kwenye magrupu ya WhatsApp umeshawaponza wengi.

Chuo Kikuu cha Iringa, ambacho wenyeji wa Kihesa wengi bado wanakiita Tumaini, kimefundisha shahada hii kwa miaka mingi. Mbeya ina vyuo kadhaa, lakini usidhani kila chuo kina kozi unayoitaka. Angalia jina la programu lenyewe, kwa maana uandishi wa habari, mawasiliano ya umma, na uhusiano wa umma na matangazo ni vitu vitatu tofauti. Kozi ya uhusiano itakufundisha kumsemea mkurugenzi, ya uandishi itakufundisha kumuuliza.

Mambo mawili huwaangusha waombaji kila mwaka. La kwanza ni kuchaguliwa vyuo viwili na kutothibitisha kimoja kwa namba maalumu kabla ya tarehe ya mwisho. La pili ni cheti cha kuzaliwa kutohakikiwa mapema RITA, wakala wa usajili wa vizazi, mfumo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ukifunguliwa unajikuta huna cha kupakia. Anza RITA hata kabla matokeo hayajatoka.

Kama ada ndiyo tatizo, fahamu kwamba kanuni za mwaka 2017 zilizo chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 zinaweka stashahada kuwa kiwango cha chini cha elimu ya mwandishi wa habari. Mtu anaweza kusoma stashahada, akafanya kazi, na baadaye akarudi kusoma shahada. Si njia ya waliofeli, na mara nyingi anayepita huko huingia darasa la shahada akiwa ameshazoea dedilaini.

Darasani Kiingereza, kazini Kiswahili

Hili ndilo jambo gumu kuliko yote na halimo kwenye mtaala. Mihadhara, vitabu na mtihani ni kwa Kiingereza. Redio zote utakazoenda kufanya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, kati ya Iringa na Tunduma zinaandika kwa Kiswahili. Matokeo yake mwanafunzi anawaza kwa Kiingereza cha desa (nukuu za kukariri), anaandika Kiswahili kinachonuka tafsiri: “ziara ya kikazi”, “mchakato wa kuchukua hatua”, “alionesha kutoridhishwa”. Dawa ni kuandika kila asaimenti ya habari mara mbili, ya Kiingereza ukampa mhadhiri, ya Kiswahili ukampelekea mtu anayefanya kazi redioni. Ya Kiswahili uiandike upya kutoka kwenye daftari lako la mahojiano, usiitafsiri ile nyingine.

Tazama mfano huu wa kutunga. Ofisi imetoa taarifa, mwanafunzi kaanza hivi:

“Mkuu wa wilaya jana alifanya ziara ya kikazi kukagua maendeleo ya ujenzi wa zahanati ambapo alionesha kutoridhishwa na kasi ya mkandarasi.”

Mhariri anaufuta na kuandika:

“Wajawazito wa kijiji hiki wataendelea kutembea kilomita 11 kwenda kujifungua hadi Machi, kwa sababu zahanati iliyotakiwa kukamilika Septemba haina paa.”

Sentensi zote mbili zina maneno kama 20, kwa hiyo tatizo halikuwa urefu. Ya kwanza inaeleza mheshimiwa alikwenda wapi, ya pili inaeleza maisha ya watu yamekuwaje. Na tazama ile 11. Haikuwa kwenye taarifa ya ofisi. Inapatikana kwa kupanda bodaboda kutoka kijijini hadi kituo cha afya na kusoma mita kabla na baada. Septemba inatoka kwenye bango la mradi pale kwenye eneo la ujenzi. Machi inatoka kinywani mwa mkandarasi, na kwenye aya ya pili useme kwamba ni yeye aliyesema. Lidi nzuri, yaani sentensi ya kufungulia habari, ni matokeo ya miguu, kalamu inakuja mwishoni.

Matamshi nayo. Lugha kadhaa za nyanda hizi hazitenganishi r na l, na mtangazaji anayesema wananchi “wamejitokeza kupiga kula” anachekwa hadi Makambako. Rekodi dakika 10 za kusoma kwa sauti kila siku, mpe mwenzako aliyekulia pwani au kanda nyingine aweke alama kila ulipoteleza. Fanyia kazi jozi: kura na kula, mahari na mahali, karamu na kalamu. Wiki sita hadi nane zinatosha kuona tofauti, ukiacha kuona haya.

Saa ni mtego mwingine. Taarifa ya Kiingereza ikisema mkutano ni 8:00 asubuhi, kwa Kiswahili ni saa 2:00. Na ajali ya saa 7 usiku imetokea “usiku wa kuamkia Jumanne”, si “Jumatatu usiku”, maana msikilizaji wa Jumatatu usiku anaelewa saa 3 au saa 4. Kosa la saa sita kwenye tangazo la kukatika kwa umeme litapigiwa simu studio na watu 20 kabla hujatoka mlangoni.

Stori zinapatikana wapi

Wanafunzi wengi huishia kwenye semina za hotelini kwa sababu kuna chai na bahasha. Semina haitoi stori, inatoa hotuba. Nenda kwenye sehemu tatu hizi badala yake.

Baraza la madiwani hukaa kila robo mwaka. Omba kabrasha la kikao siku chache kabla, ukiwa na barua ya utambulisho ya chuo. Ndani yake mna taarifa za miradi, za mapato na za madeni ya wazabuni. Linganisha ukurasa wa mapato wa robo hii na wa robo iliyopita, ndipo swali lako litakapojizaa lenyewe. Sambamba na hapo pakua ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ya serikali za mitaa, inayotolewa kila mwaka baada ya kuwasilishwa bungeni, na utafute jina la halmashauri yako. Ukishaona hoja iliyojirudia miaka mitatu, una stori ambayo hakuna mtu aliyekualika kuiandika.

Mahakamani, anza na orodha ya mashauri ukutani asubuhi kabla ya saa 3. Iringa na Mbeya zote zina Mahakama Kuu, na hukumu nyingi husomwa bure kwenye tovuti ya TanzLII.

Sokoni ndiko penye shule kubwa zaidi, nasi tutakaa hapo kidogo. Chukua lumbesa, gunia la viazi lililojazwa likavishwa kilemba. Kila mwaka zinaandikwa habari kwamba wakulima wanalalamikia lumbesa, na karibu zote hazina namba hata moja. Kisheria gunia la mazao lisizidi kilo 100. Fanya hivi: nenda na mzani wa kuaminika, omba kupima magunia matano ya wauzaji tofauti, andika kila moja peke yake. Tuseme umepata kilo 128, 135, 140, 142 na 150. Jumla 695, wastani 139. Tuseme siku hiyohiyo mkulima analipwa shilingi 70,000 kwa gunia. Angeuza kilo 100 kwa bei hiyo, kilo moja ingekuwa shilingi 700. Kwa kilo 139, kilo moja imeshuka hadi kama shilingi 504. Kilo 39 za juu, kwa shilingi 700 kila moja, ni shilingi 27,300 alizozitoa bure kwa kila gunia. Hapo mkulima haulizwi tena “unajisikiaje”, anaulizwa kama anajua kwamba kila gunia linampotezea shilingi 27,300.

Makosa yanayofuata ni ya uroho. Mwanafunzi anazidisha 27,300 kwa magunia yote ya mkoa na kutangaza mabilioni. Magunia matano ya soko moja, siku moja, yanasema habari za soko hilo siku hiyo, na ndivyo uandike. Kosa jingine ni kumwacha mnunuzi nje. Msikilize: ushuru na nauli ya lori mara nyingi hutozwa kwa gunia, si kwa kilo, kwa hiyo gunia likiwa kubwa yeye anaokoa. Hiyo ndiyo sababu lumbesa haifi, na inakupeleka moja kwa moja kwa halmashauri inayokusanya ushuru huo na kwa Wakala wa Vipimo. Stori imeshakuwa na pande nne bila kulazimisha.

Mazoea ya kupima yakikuingia, utaanza kuzishtukia namba za wakubwa pia. Akitokea msemaji kudai mradi utanufaisha watu milioni mbili mkoani Iringa, sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,192,728 mkoa mzima. Hifadhi namba za sensa za mikoa na wilaya kwenye simu.

Sauti ya simu inayofaa kwenda hewani

Huhitaji mashine ya bei. Simu ya kawaida yenye maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo inatosha kwa mwaka wa kwanza na wa pili. Weka simu hali ya ndege, vinginevyo simu ikiita katikati ya jibu la mwenyekiti wa kijiji rekodi imekwisha. Rekodi kwa WAV, 44.1 au 48 kHz, mono. Dakika moja inakula MB 5 hadi 6, hivyo nusu saa ni kama MB 160 hadi 175. MP3 ya kbps 128 inakula kama MB 1 kwa dakika, itumie kutuma, usiitumie kurekodia. Maikrofoni isiyo ya kubana ikae umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili “p” na “b” zisipige.

Adui wa huku ni upepo. Nje kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au uwanda wa Kitulo, sifongo ndogo ya maikrofoni haizuii kitu. Ivalishe kitambaa cha manyoya, geuza mgongo wako uelekee upepo, mhojiwa akutazame. Kama huna, ingieni ndani ya gari lililozimwa, ni studio nzuri kuliko ofisi yenye mwangwi. Sikiliza kwa spika za masikioni sekunde 15 za mwanzo kabla hujaendelea. Mwishoni rekodi nusu dakika ya ukimya wa mahali hapo, utaihitaji kuziba mikato kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti.

Kamera nayo ina tabia yake Juni na Julai. Ukitoka kwenye baridi ya nje na kuingia chumba chenye jiko, lenzi inafanya ukungu, na maji huingia hata ndani ya mashine. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ungali nje, uiache ndani ya mfuko hadi ipate joto la chumba. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti.

Kuhusu urefu wa stori ya redio, usikariri idadi ya maneno ya kwenye kitabu cha Kiingereza, maneno yetu ni marefu. Soma habari kwa dakika moja kwa mwendo wako, hesabu maneno, hiyo ndiyo rula yako. Stori ya dakika 3 yenye sauti mbili za wahojiwa za sekunde 25 inakuachia sekunde 130 za kusoma. Ukizidisha, mhariri atakata mwishoni, na mwishoni ndiko wanafunzi wanakoweka utetezi wa upande wa pili. Upandishe juu.

Maneno yanayoweza kukupeleka mahakamani

Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akisomewa shtaka ni mshtakiwa. Mwizi ni yule mahakama iliyomtia hatiani, hakuna mwingine. “Mwizi wa pikipiki akamatwa Mwanjelwa” ni kichwa kinachoweza kukufanya udaiwe fidia hata kama alishikwa na pikipiki mkononi. Mtoto aliye kwenye shauri hatajwi, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamlinda. Kumficha jina halafu ukaandika “binti wa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji hicho” ni kumtaja mbele ya kijiji kizima. Kwenye ajali, Kitonga au Iwambi, idadi ya waliofariki inatoka kwa kamanda wa polisi au hospitali, si kwa kondakta, na majina yanasubiri ndugu.

Ofisi ikikataa takwimu, andika ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia ana haki ya kujibiwa ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Na usiende kwenye mkutano wa siasa kama uendavyo kwenye mahafali. Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi ya Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 kijijini Nyololo, Mufindi, akiwa kazini. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilimhukumu askari mmoja kifungo cha miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mwanafunzi asitumwe peke yake kwenye shughuli ambayo polisi wameipiga marufuku. Mhariri ajue ulipo, vaa kitambulisho kinachoonekana, kaa pembeni na si katikati ya pande mbili, jua njia ya kutokea kabla hujawasha kamera. Mhariri akikuambia “nenda tu utajua hukohuko”, una haki ya kukataa.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo huchukua kati ya wiki sita na kumi kutegemea chuo. Barua ipeleke miezi mitatu kabla, kwa mkono, umwone mhariri uso kwa uso. Redio ndogo ya wilayani ina faida kuliko kituo kikubwa cha Dar es Salaam: wiki ya pili utakuwa unasoma habari, wakati kule mjini utabeba stendi ya kamera hadi unaondoka. Ubaya wake ni kwamba huenda hakuna mtu wa kukukosoa, basi mwenyewe omba dakika 10 za mhariri kila Ijumaa na umwekee mezani stori moja tu. Logibuku, daftari la kumbukumbu za fildi, ijazwe kila siku. Ukiijaza siku ya mwisho kwa kalamu moja, msimamizi anaona.

Bahasha zitakukuta hukohuko. Nauli ya kwenda tukio inatakiwa kulipwa na chombo chako. Ukipokea ya mwandaaji, mwambie mhariri kabla stori haijaandikwa. Wale wanaozunguka na kamera kukusanya bahasha bila kutoa habari wana jina lao, makanjanja, na mkoa mdogo haumsahau mtu aliyeonekana nao.

Utafiti wa mwaka wa tatu

Kichwa cha “athari za mitandao ya kijamii kwa vijana” kitakumaliza. Ni kipana, hakipimiki. Kumbuka kwamba utafiti maarufu wa McCombs na Shaw kuhusu upangaji wa ajenda, yaani jinsi vyombo vya habari vinavyowafanya watu walione jambo fulani kuwa kubwa, uliofanyika Chapel Hill, Marekani, mwaka 1968 na kuchapishwa 1972, ulihoji wapiga kura 100 tu na kulinganisha majibu yao na yaliyotiliwa mkazo kwenye habari. Unaweza kufanya hivyo nyumbani: redio tatu za Njombe, taarifa ya habari ya asubuhi, siku 30, bei ya viazi na parachichi imetajwa mara ngapi na nani amepewa sauti, mkulima, mnunuzi au ofisa.

Piga hesabu ya kazi kabla ya kumpelekea msimamizi. Taarifa ya dakika 10 mara redio tatu mara siku 30 ni dakika 900, yaani saa 15 za sauti. Kunakili saa moja ya sauti kunachukua kama saa nne, hivyo una saa 60 za kuchapa kabla hujachambua chochote. Rekodi mwenyewe kila asubuhi, kwa sababu ukitegemea kumbukumbu za kituo unaweza kuambiwa kompyuta ilifutwa. Umeme ukikatika siku mbili, andika kwenye ripoti kwamba zimekosekana, usizitunge. Mhadhiri akiuliza faili la tarehe fulani kwenye utetezi na huna, unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuo, kwenye mlango wa kutokea.

Faili zote, za stori na za utafiti, zikae sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Kila faili lipe jina linaloanza na tarehe, kisha mahali, kisha mada: 2025-03-14-makambako-lumbesa. Siku ya kuomba kitambulisho kwa Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari utahitaji vyeti, na siku ya kuomba kazi utahitaji stori tano bora ndani ya dakika tano. Zipange sasa kwenye folda moja: mbili za sauti, mbili za maandishi, na moja ya namba kama ile ya magunia, ikiwa na picha ya ukurasa wa daftari ulioandikia vipimo.